Mate Kwenye Kichupa na Santuri za Baba Mdogo

(Mazungumzo haya yalitolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa Serikali, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Yamechapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa vichekesho viwili vitatu ambavyo Mhariri ameona viishie ukumbini.)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote, mradi lisiwe siasa na lisizidi nusu saa. Nilifikiri kwanza nizungumzie kazi yangu ofisini, lakini habari za mafaili kila mmoja wenu anazijua: ukimpata ofisa, faili halipo, ukilipata faili, ofisa yuko semina. Basi nimechagua mambo mawili ambayo ukiyatazama kwa mbali hayana udugu wowote. La kwanza ni kipimo cha vinasaba, kile cha kutema mate kwenye kichupa ili mtu ajue ukoo wake. La pili ni muziki wa mahipi wa Marekani.

Aliyeyakutanisha mambo haya ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii hii, aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1966. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, kwa hiyo mimi namwita Baba Mdogo. Amenipa ruhusa nisimulie habari zake kwa sharti kwamba nisitaje jina. Waliosoma naye watamtambua kwa maelezo. Nawaomba tafadhali wasigeuke kumtazama.

Baba Mdogo aliondoka Dar es Salaam mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 21, kwenda kusoma California. Vijana wa leo wasidhani lilikuwa jambo la ajabu sana. Chuo kikuu chetu kilikuwa bado kichanga, kimeanza mwaka 1961, na nchi ilihitaji watu kwa haraka. Kulikuwa na mipango ya misaada ya masomo kama ule wa ASPAU, ulioanza mwaka huo huo wa 1961 kwa kuwachukua wanafunzi wa Afrika na kuwapeleka katika vyuo vya Marekani. Na kabla ya hapo, tangu 1959 hadi 1963, zilikuwako zile ndege za Tom Mboya, zilizobeba mamia ya vijana, wengi wao wa Kenya.

Alifika mwezi wa Septemba, na hadi leo analalamika kwamba alichelewa. Mwezi Juni mwaka ule, tarehe 16 hadi 18, palikuwa na tamasha la muziki mjini Monterey, California. Hapo ndipo Jimi Hendrix alipolichoma moto gitaa lake jukwaani, na hapo ndipo watu wengi walipomsikia Janis Joplin kwa mara ya kwanza. Otis Redding aliimba, naye hakumaliza mwaka. Alikufa katika ajali ya ndege mwezi Desemba. Ravi Shankar wa India alipiga sitar. Na Hugh Masekela wa Afrika Kusini alipuliza tarumbeta yake. Baba Mdogo akifika kwa Masekela husimama kidogo katika maneno yake, kama mtu aliyekosa harusi ya ndugu yake kwa sababu ya meli kuchelewa.

Majira yale ya joto vijana wapatao 100,000 walikuwa wamemiminika katika mtaa wa Haight-Ashbury mjini San Francisco, na nywele ndefu, na maua, na miguu mitupu. Jambo hili la miguu lilimtatiza sana. Anasema: "Sisi tumehangaika tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha sita ili tuvae viatu, nafika kule nakuta watoto wa matajiri wanavivua." Wenzake wa Kiafrika walicheka mchana kutwa. Lakini jioni walikwenda kusikiliza muziki, tena walikwenda mara nyingi kuliko walivyoandika katika barua zao nyumbani.

Nilimwuliza ni kitu gani hasa kilichomvuta, maana nyumbani alikuwa ameacha Morogoro Jazz na NUTA Jazz, bendi zisizo na deni kwa mtu. Akanijibu kwamba ni kule kutokuwa na haraka. Wale Grateful Dead waliweza kukaa katika wimbo mmoja kwa dakika ishirini, magitaa yanaulizana na kujibizana, na hapana aliyetazama saa. Wazungu walioyasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza walidhani ni ufunuo. Mtu aliyekwisha kukesha kwenye ngoma hakushangaa; alijua tu kwamba wenzetu wamefika.

Alirudi nyumbani mwaka 1971. Wazee wenzangu mnakumbuka, na ninyi vijana mmesoma, kwamba Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeanzisha Operesheni Vijana, dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, na mwezi Novemba mwaka huo huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Mtu aliyetoka California akiwa na ndevu hakuwa na raha sana barabarani. Alinyoa, akavaa shati la heshima, akaripoti kazini. Santuri kumi na nane akazifungia kasha. Ziliruhusiwa kutoka Jumapili alasiri tu, baada ya chakula, na sauti iwe ya chini. Mimi nilizaliwa mwaka 1980, na nilizisikia nikiwa nimelala mkekani nyumbani kwake. Kwa hiyo hamu niliyo nayo ya muziki ule ni hamu ya kuazima. Watu wa rika langu tunao ugonjwa huo: tunatamani kurudi mahali ambapo hatujafika.

Hamu ya namna hiyo huchagua. Hukumbuka Woodstock ya Agosti 1969, watu zaidi ya 400,000 katika shamba la mfugaji, mvua, matope na amani. Haikumbuki sana Altamont, California, miezi minne tu baadaye, ambako kijana mweusi wa miaka 18 alichomwa kisu akafa karibu na jukwaa, bendi ikiwa inapiga. Haikumbuki kwamba ile wiki ya Monterey ndiyo wiki ambayo Mahakama Kuu ya Marekani, tarehe 12 Juni 1967, ilifuta sheria zilizokataza ndoa kati ya mweupe na mweusi, na kwamba hadi siku hiyo majimbo 16 bado yalikuwa nazo. Upendo ulikuwa umejaa katika nyimbo kabla haujaruhusiwa katika ofisi ya msajili.

Sasa nije kwenye mate.

Mdogo wangu anafanya kazi Marekani. Miaka miwili iliyopita alinunua kipimo kwa bei ya punguzo, kwa udadisi tu, kwa sababu wenzake kazini walikuwa wakipima. Unatema mate kwenye kichupa, unakifunga, unakitia posta. Maabara haisomi vinasaba vyako vyote. Inasoma vituo vipatavyo laki sita au saba ambavyo hutofautiana kati ya mtu na mtu, kisha inalinganisha na vya wateja wengine. Kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hii ina zaidi ya watu milioni 20 katika ghala lake. Palipo na vipande virefu vinavyofanana, mna babu mmoja mahali fulani. Urefu wa vipande hivyo hupimwa kwa kizio kiitwacho sentimogani. Mzazi na mtoto hushirikiana kama 3,400. Ndugu wa mzazi mmoja, kama 1,700. Watoto wa ndugu wawili, kama 850, kwa kupanda na kushuka.

Mdogo wangu alikuwa akitazamia kuambiwa yeye ni asilimia ngapi ya nini. Akapata hizo asilimia, nazo niseme hapa hapa kwamba zisiwasumbue. Ni makadirio tu. Hutegemea ni watu gani kampuni imewaweka kama mfano wa kila sehemu, na watu wa Afrika katika mifano hiyo ni wachache wakilinganishwa na wa Ulaya. Kampuni ikiongeza mifano, asilimia zako hubadilika wewe ukiwa umelala. Kisichobadilika ni orodha ya jamaa. Na juu kabisa katika orodha yake palikuwa na mwanamke mmoja asiyemjua, sentimogani 870. Kampuni iliandika: "binamu wa kwanza".

Mwanamke huyo akamwandikia kwa adabu kubwa. Alizaliwa California mwaka 1970, akaasiliwa akiwa na siku chache, akalelewa na wazazi wema katika jimbo la Oregon. Karatasi zake za kuasiliwa zilisema mama ni mwanafunzi mzungu, na baba ni "mwanafunzi kutoka Afrika". Hayo tu. Bara zima.

Nawaomba mwelewe hali ya wakati ule. Mwaka 1970 ndio kuasili watoto kulikofikia kilele Marekani, watoto kiasi cha 175,000 kwa mwaka mmoja. Msichana asiyeolewa alipopata mimba, mara nyingi wazazi wake walimpeleka mbali, akajifungua, mtoto akachukuliwa, naye akarudi nyumbani ikasemwa alikuwa akimwuguza shangazi. Cheti cha kwanza cha mtoto kikafungiwa, kikaandikwa kipya chenye majina ya wazazi wapya. New York ilifungua vyeti hivyo mwaka 2020 tu. California hadi leo haikupi cha kwako bila amri ya mahakama. Mimi kwa kazi yangu naheshimu faili lililofungwa, lakini hili lilinifikirisha: Serikali nzima imekaa juu ya faili, na mate yakalipita kwa chini ya mlango.

Hata wale wenyewe waliotuimbia walikuwa na mambo hayo. Joni Mitchell alimzaa binti mwaka 1965, akiwa maskini na peke yake, akamtoa aasiliwe. Katika santuri yake ya mwaka 1971, iitwayo Blue, mna wimbo juu ya mtoto huyo, na watu waliusikiliza miaka mingi bila kujua unamhusu nani. Mama na binti walionana mwaka 1997. David Crosby naye alikuwa na mwana aliyezaliwa mwaka 1962 akaasiliwa. Walikutana katika miaka ya 1990, wakaunda bendi pamoja. Hao walipatana kwa njia ya karatasi na watu, kabla ya vichupa. Santuri ya Blue imo katika kasha la Baba Mdogo.

Kazi ya kumwambia iliniangukia mimi. Sikwenda na sentimogani mkononi. Nilikwenda Jumapili, tukala, nikamwomba atoe santuri, nikamwuliza ya kila moja aliinunua wapi na alikuwa na nani. Alizungumza saa mbili. Katika santuri ya tisa au ya kumi akasema, "Hii nilipewa," akanyamaza. Ndipo nikamweleza.

Hakupinga. Aliuliza kwanza kama mama wa mtoto yungali hai. Nilimwambia alikwisha kufariki. Akaingiza vidole ndani ya jalada la ile santuri akatoa bahasha ambayo haijafunguliwa. Ilikuwa barua yake mwenyewe, ameipeleka kwa wazazi wa yule msichana baada ya kuacha chuo ghafla mwanzoni mwa 1970, nayo ikarudishwa na mwandiko wa mtu mzima juu yake. Alipeleka tatu; zote zilirudi. Hii moja aliibakiza. "Nilijua, na sikujua," aliniambia, "na kila mwaka uliopita ulifanya kujua kuwe kugumu zaidi." Jina la mji uliokuwa kwenye bahasha ndilo lililokuwa katika karatasi za yule binti. Mimi ni mtu wa ofisi. Nyaraka mbili zilizotoka pande mbili zikisema neno moja, mimi hutia sahihi.

Mama Mdogo alikasirika kwa majuma mawili. Hakumkasirikia mtoto, wala yule marehemu. Alikasirika kwamba kwa karibu miaka hamsini amekuwa akilifuta vumbi lile kasha, na bahasha imo ndani. Juma la tatu ndiye aliyeuliza yule binti anakula nini, na kama ana watoto. Anao wawili.

Kikao cha ukoo kilikuwa kirefu. Kulikuwa na swali la shamba, siwezi kuficha. Mtoto mkubwa wa kiume aliliuliza wazi, na nampongeza kwa kuliuliza mchana badala ya kulinong'ona usiku. Bado halijajibiwa, na yule binti hajaliuliza. Kulikuwa na waliotaka Baba Mdogo naye apimwe ili pasibaki shaka. Hapo nilieleza kwamba katika nchi yetu kipimo cha uzazi kina sheria yake, ile ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Si jambo la kuagiza kichupa dukani. Mzee akasema, "Nipimwe nini tena? Mnitazame." Walikuwa wameweka picha ya yule mama na yake ya mwaka 1969 mezani, bega kwa bega, na watu wakaanza kucheka.

Kisha likaja jambo la kumwita nani. Kampuni imesema binamu. Lakini mtoto wa baba mdogo si binamu kwetu, ni dada. Mashine ile haiwezi hata kutofautisha kwa hakika ndugu wa mzazi mmoja, babu na ami, maana wote watatu hushirikiana nawe kiasi cha robo. Sisi tumekuwa na maneno tofauti kwa kila mmoja wao tangu kabla ya posta. Basi akawa dada, tena dada mkubwa kuliko wote. Kikao kilimpa na salamu zake: wanaomwamkia shikamoo walihesabiwa, na mimi nimo.

Ninyi wanafunzi mtauliza kama ni vema kupima. Nitasema ninalolijua. Mnamo 2023 wezi wa mitandaoni walichukua taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa kampuni ya 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika, ghala la vinasaba likawa mali ya kuuzwa kama meza na viti. Nenosiri likiibwa unalibadili. Mate yako huyabadili. Tena huyatoi ya kwako peke yako. Baba Mdogo hakutema mate popote, hakutia sahihi yoyote, na amepatikana. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata mwuaji aliyewashinda kwa zaidi ya miaka thelathini kwa kufuata jamaa zake wa mbali waliojipima wenyewe. Huyo alistahili, lakini mlango ni ule ule. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo ni njema, ila haina miguu ya kuvuka bahari kumfuata mwenye ghala.

Na kuna ambalo kichupa hakiwezi. Mwaka 2023 wataalamu walitoa katika jarida la Nature habari za vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani yetu, pamoja na Kilwa na Songo Mnara, waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 hivi. Wazee wa pwani waliosimulia habari za Washirazi walikuwa wamechekwa sana na wasomi. Mifupa ikasema kwamba wanaume wa Kiajemi kweli walikuja na kuoa, tangu kama mwaka 1000. Ikasema pia lile ambalo hadithi za ukoo hazikulitaja sana: nusu na zaidi ya damu ya wengi wao ilitoka kwa mama zao, Waafrika. Simulizi lilikuwa na baba, mifupa ikaleta mama. Kwa Baba Mdogo imekuwa vivyo hivyo. Nimesikia nyimbo zile maisha yangu yote, na katika masimulizi yake ya California hapakuwa na msichana hata mmoja.

Jina la huyo msichana, alivyocheka, somo alilolichukia, na kwamba ndiye aliyempa santuri ya kumi: hayo hayamo katika sentimogani 870. Yamo kwa mzee mmoja wa miaka sabini na tisa. Dada yetu humpigia simu kila Jumamosi na kumwuliza hayo tu. Hajauliza habari za ukoo wetu bado. Baba Mdogo huandika majibu kwenye daftari kabla ya simu, asije akasahau, na nimemwona akilirudia kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita.

Wazee wangu mliosoma nje katika miaka ile, Moscow, London, Leipzig au California, sisemi neno. Naomba tu jambo hili liingie katika kumbukumbu za mkutano: Katibu amekubali kupokea bahasha zilizofungwa, zenye majina, miaka na anwani za wakati ule, na kuzitunza bila kuzifungua mpaka mwenyewe aseme. Hakuna atakayeulizwa kwa nini ameleta, wala kwa nini hakuleta.

Mwisho nina tangazo. Dada yetu anafika Julai pamoja na watoto wake, na sindano ya gramafoni ya Baba Mdogo imekwisha kabisa. Tumetafuta Kariakoo yote bila mafanikio. Mwenye sindano, au gramafoni zima linalofanya kazi, amwone Katibu wakati wa chai. Bei tutaelewana.